Mwalimu Fausta na mbio za kulifuta Somo la 12

Saa nane na dakika kumi mchana umeme unakatika Msamala, na Mwalimu Fausta Mbawala anaanza kukimbia.

Haendi mbali. Anatoka uani alikokuwa akianua nguo, anavuka sebule, anafunga madirisha mawili na kulaza simu yake juu ya stuli ya mbao yenye tundu katikati, kamera ikitazama chini. Chini ya stuli kuna karatasi nyeupe. Anapiga magoti sakafuni, anavuta mikono ya sweta hadi viwikoni na kufungua kalamu ya wino mzito. Nje, mashine ya kusaga ya jirani yake, Benigna Gama, inazunguka sekunde chache zaidi kisha inanyamaza.

"Mwalimu! Umeme umekwenda!" Benigna anapaza sauti kutoka upande wa pili wa uzio. "Haya rekodi, mimi niache nihesabu magunia."

"Asante, dada. Ila redio ya betri usiwashe."

"Hata kukohoa sikohoi."

Fausta anabonyeza kitufe. "Habari za leo. Hili ni Somo la 19. Chukua daftari, chukua kalamu, aliyelala kwenye kochi aamke." Anaandika mstari wa kwanza. Kwenye dakika ya pili jogoo anawika chini ya dirisha. Anazima, anafuta, anabadilisha karatasi na kuanza upya.

Kwa wakazi wengi wa mtaa huu wa Manispaa ya Songea, umeme ukikatika ni kero. Kwa Fausta huo ndio muda wa kazi. Mashine ikizunguka, sauti yake haisikiki kwenye video hata akipaza. Alijaribu kurekodi alfajiri kabla Benigna hajafungua. "Wanafunzi wakaniambia sauti yangu inatoka kama ya mgonjwa, wanasinzia," anasema.

Ukutani, juu ya stuli, amebandika karatasi yenye majina arobaini. Majina thelathini na sita yamewekewa alama ya vema. Manne hayana. Kila anapopita sebuleni anaitazama karatasi hiyo, na kwa saa nne ambazo mwandishi wa makala haya alikaa nyumbani kwake siku hiyo, alipita hapo mara kumi na moja.

Ni orodha ya flashi na memori kadi za wanafunzi wake. Ndani ya kila moja kulikuwa na somo lililokosewa, na aliyekosea ni yeye. Tangu Aprili 30 anajitahidi kulifuta.

Fausta ana miaka 34. Amezaliwa Mbinga katika familia ya wakulima wa kahawa na anafundisha Hisabati katika shule ya sekondari ya kata pembezoni mwa mji, ambayo uongozi wake umeomba isitajwe jina. Ana mwaka wa tisa kazini. Kwa miaka sita ya mwanzo alifundisha kama alivyofundishwa: anaingia, anaandika ubaoni, wanafunzi wananakili, kengele inalia.

Kilichombadilisha ni saa ya mkononi. Kwa wiki tatu mwaka juzi alipima kila kipindi. Kati ya dakika 40, alitumia wastani wa dakika 26 akiwa amelipa darasa mgongo.

"Yaani mtoto akikwama, anakwamia nyumbani, na nyumbani hakuna wa kumuuliza," anasema. "Mimi nipo naye wakati ananakili, kazi ambayo hanihitaji. Wakati wa kufanya hesabu, ambapo ananihitaji, nipo kwangu napika. Nikasema hapana, tugeuze."

Aligeuza. Maelezo ya somo huyarekodi kwa simu katika video isiyozidi dakika nane, akizungumza Kiswahili na kuandika kwa Kiingereza, lugha ya mtihani. Mwanafunzi huitazama nyumbani jioni. Kesho yake darasani hakuna kunakili. Ni maswali tu, na mwalimu anapita dawati kwa dawati.

Kwa kuwa wanafunzi hawaruhusiwi kuja na simu shuleni, na vifurushi vya intaneti ni gharama, kwanza alihesabu kilichopo majumbani. Kati ya wanafunzi 46 wa Kidato cha Nne B, 29 walikuwa na runinga inayosoma flashi. Kumi na mmoja hawakuwa na runinga, lakini kulikuwa na simu janja ya mzazi au ndugu. Sita hawakuwa na chochote, akawapanga kwenye nyumba za wenzao walio jirani. Flashi 12 alizinunua mwenyewe, Sh8,000 kila moja.

Ipo pia sheria ya mlangoni. Kila mwanafunzi huingia darasani na kipande cha karatasi chenye jambo moja ambalo hakulielewa kwenye video, au lililomtatiza. Asiye na karatasi huketi benchi la nyuma na kusoma daftari la mwenzake kwanza. Fausta huzisoma karatasi zote akiwa amesimama, kwa dakika tano, kabla ya kusema neno.

Kazi ya kusambaza ilichukuliwa na Alfani Mtalika, mwenye kibanda cha filamu Majengo. Watu humletea flashi, yeye huwawekea filamu na nyimbo kutoka kwenye kompyuta yake. Fausta alimwomba awawekee wanafunzi wake masomo bure. Alfani alikubali, akaongeza la kwake: kila mteja mwenye mtoto wa sekondari alimwekea masomo hayo pamoja na filamu, kama nyongeza.

"Mimi shule niliishia darasa la saba, mwalimu anajua," anasema Alfani, akichomeka flashi mbili kwa mpigo. "Nikaona hapa ndipo pa kuchangia. Mtu anakuja kutafuta mapigano, anaondoka na mapigano na hesabu."

Mama mmoja aliyekuwa akisubiri dukani anamkatiza. "Na mwaka jana ulinipa hesabu tupu, mapigano ukasahau."

"Mama, nilikuomba radhi."

"Wajukuu wangu walilia!"

Mpango huo haukupokewa na wote. Mwalimu Leonce Haule, makamu mkuu wa shule na mwalimu mwingine pekee wa Hisabati shuleni hapo, hufundisha Kidato cha Nne A kwa ubao na chaki. Katika jaribio la Machi, darasa lake lilipata wastani wa alama 34. Darasa la Fausta lilipata 31.

"Nilimwambia waziwazi," anasema Leonce. "Mwalimu, nakupa mpaka mtihani wa kufunga muhula. Mei 22. Ukibaki chini, flashi zinarudi kwenye muziki, na wewe unarudi kwenye chaki. Hao ni watahiniwa, si watu wa kujifunzia."

Fausta alikuwa na wiki saba. Alirekodi kila umeme ulipokatika.

Somo la 12 lilihusu eneo la piramidi. Alilirekodi Jumamosi ya mwisho wa Aprili, mvua ikipiga juu ya bati kwa vipindi. Alianza mara tano. Mara nne za kwanza mvua ilimkatiza. Mara ya tano alimaliza kwa dakika saba na sekunde kumi, akaipeleka kwa Alfani bila kuitazama.

Mfano wake ulikuwa paa. Nyumba ya mraba, mita sita kila upande, paa la pande nne linalokutana kwenye ncha moja juu, na nguzo ya katikati yenye urefu wa mita nne. Bati linahitajika mita ngapi za mraba? Pande nne, kila upande pembetatu. Fausta alichukua kitako cha mita sita, akakizidisha kwa nguzo ya mita nne, akagawanya kwa mbili, akazidisha kwa nne. Akapata 48. Akaipigia mstari chini, mara mbili.

Jumatano, Aprili 30, wanafunzi 37 walikuja darasani. Tisa hawakuwepo. Fausta alizisoma karatasi za mlangoni. Thelathini na tano ziliuliza mambo ya kawaida. Moja iliomba azungumze polepole. Ya mwisho ilikuwa ya Noela Ngonyani, msichana wa dawati la tatu ambaye kwa kawaida huandika nusu mstari. Iliandikwa hivi: "Baba anasema bati zitapungua."

"Nilisoma mara mbili nikidhani ni utani," anasema Fausta. "Mara ya tatu nikajikuta nakokotoa paa lile upya."

Baba wa Noela, Raphael Ngonyani, ni fundi wa mapaa. Jioni ya Jumatatu alikuwa akila, binti yake akitazama flashi, na aliposikia 48 aliweka kijiko chini.

"Nikamwambia Noela, mwambie mwalimu wako hilo paa halifiki ukutani," anasimulia fundi huyo, miaka 51, akiwa juu ya nyumba anayoiezeka huko huko Msamala. "Bati hulipimi kwa nguzo ya katikati. Nguzo imesimama wima, bati limelala. Linatoka kwenye ncha linashuka hadi ukutani, kwa hiyo ni refu kuliko nguzo. Hapo ni mita tano, si nne. Mita za mraba kumi na mbili zinakosekana. Mwenye nyumba anakwenda kuongeza bati tano, sita, na fundi anatukanwa."

Anashusha utepe wa kupimia, anatabasamu kidogo. "Na halafu mita nne juu kwa nyumba ya mita sita? Mwalimu alikuwa anajenga kanisa."

Jibu sahihi ni mita za mraba 60. Noela alilijua tangu Jumatatu. Kuinua mkono na kumwambia mwalimu amekosea mbele ya darasa hakuwezi, anasema mwenyewe, hata angelazimishwa.

"Kwenye karatasi si mimi niliyesema," anasema Noela. "Ni baba."

Fausta alikwenda ubaoni, akachora paa, akachora mlalo wa bati, akaukokotoa kwa mita tatu za nusu ya ukuta na nne za nguzo, akapata tano, akapata 60. Aliwaambia wanafunzi video imekosea na kwamba aliyekosea ni yeye. Kisha aliwauliza wangapi walikuwa wameandika 48 kwenye madaftari. Mikono 36 ilinyooshwa.

"Hapo ndipo nilipopatwa na hofu," anasema. "Ubaoni nikikosea, kuna mtoto atakunja uso, nitamwona, nitageuka nifute. Kwenye video hakuna anayekunja uso. Nimekosea mara moja Jumamosi, Jumatatu nimekosea kwenye nyumba arobaini kwa wakati mmoja. Na kila mtu akirudia kutazama, nakosea tena."

Siku hiyo hiyo, saa kumi jioni, alikuwa Majengo kwa miguu.

Kwa Alfani alikuta jambo alilokuwa hajalifikiria. Kwa siku tatu, Somo la 12 lilikuwa limetoka kama nyongeza kwa wateja wa filamu pia. Wangapi? Alfani haandiki. Alikisia sabini.

"Nikamwambia, mwalimu, tulia, kaa," anakumbuka Alfani. "Akakaa kama sekunde tatu, akasimama. Nikampa soda, akainywa akitembea."

Kurekodi upya kulichukua siku mbili. Mara hii Fausta alimwomba Raphael awepo. Fundi huyo alitengeneza paa dogo kwa vipande vya mbao, sentimita 60 kwa 60, nguzo ya sentimita 40, na kwenye video mikono yake ndiyo inayoonekana ikinyoosha utepe kutoka kwenye ncha hadi ukingoni: sentimita 50. Alfani alishauri video mpya ipewe jina lile lile la zamani, ili ikiingia kwenye flashi ichukue nafasi ya ile yenye kosa.

Ikabaki kuzipata flashi. Alfani akaja na wazo. Alibandika tangazo kibandani: lete Somo la 12 la zamani, ondoka na filamu moja bure. Fausta alitaka kulipia filamu hizo, akakataliwa.

Siku ya kwanza zililetwa flashi 22. Siku ya pili, 31. Fausta alipita jioni, akazihesabu na kurudi nyumbani akiwa, kwa maneno yake, amepumua.

Siku ya tatu Alfani aliona kitu. Flashi zilizokuwa zikiingia zilikuwa tupu. Hazikuwa na filamu, nyimbo wala masomo mengine. Ndani yake mlikuwa na faili moja tu, Somo la 12, lenye kosa. Mzee mmoja alikuwa amekuja mara tatu, kila mara na flashi tofauti.

"Nikamuuliza, babu, una watoto wangapi sekondari?" anasimulia Alfani. "Akaniambia, mwanangu, mimi sina mtoto sekondari, mimi nataka ile filamu sehemu ya pili na ya tatu. Somo nimenakili kwa jirani."

Watu walikuwa wakinakiliana Somo la 12 ili wapate la kubadilisha na filamu. Tangazo lililowekwa kulimaliza lilikuwa linalizalisha.

Alfani alibadilisha masharti: filamu kwa atakayejibu paa lile linataka mita ngapi za mraba. Hilo lilidumu nusu siku. "Majengo nzima ikajua sitini," anasema. "Ila ukimuuliza mtu sitini ya nini, anakwambia sitini ya Alfani."

Fausta alilibandua tangazo kwa mkono wake.

Kuanzia Mei 6 alianza kupita nyumba kwa nyumba baada ya vipindi, akiwa na kompyuta mpakato aliyoazimwa na orodha ya majina arobaini. Aliingia Msamala, Majengo, na mitaa inayopakana nayo. Alikataa kukaribishwa chai. Alisimama kando ya runinga, akachomoa, akabadilisha, akaweka vema, akaondoka. Wastani wake, kwa kumbukumbu zake, ulikuwa dakika sita kwa nyumba.

Si kila nyumba ilikuwa rahisi. Mama mmoja mfanyabiashara wa mitumba, ambaye mwanawe yuko Kidato cha Nne B, alimsikiliza hadi mwisho, kisha akakataa.

"Aliniambia, mwalimu, samahani, ubaoni unaandika wewe peke yako, lakini kitu mpaka kimetoka kwenye televisheni kimeshahakikiwa," anasema Fausta. "Nikamwambia, mama, anayeonekana kwenye hiyo televisheni ni mimi! Akaniangalia, akaangalia televisheni. Akasema, ndiyo, lakini pale ulikuwa umetulia."

Alibadilishiwa siku ya pili, mume wake alipokuwa nyumbani.

Hadi asubuhi ya mtihani, Mei 22, majina 36 kati ya 40 yalikuwa na vema. Manne hakuyapata: mawili yalikuwa ya flashi zilizosafiri na ndugu kwenda mavunoni, moja lilikuwa la memori kadi iliyopotea na la mwisho lilikuwa la familia iliyohama mtaa. Za nje ya darasa alikuwa amefikia 58, lakini namba hiyo haimpi faraja. Hajui zilizobaki ni ngapi kwa sababu hajui zilikuwa ngapi.

Swali la tisa la mtihani lilikuwa piramidi.

Fausta alilisoma akiwa msimamizi wa chumba kingine. Kwa saa mbili zilizofuata, kwa mujibu wa mwalimu aliyesimamia naye, hakukaa kwenye kiti.

Matokeo yalibandikwa Juni 2. Kidato cha Nne B kilipata wastani wa alama 42. Kidato cha Nne A kilipata 38. Wanafunzi 41 wa Fausta walijibu swali la tisa: 30 walipata, wanne walikosa kwa sababu nyingine, na saba walitumia urefu wa nguzo ya katikati.

Fausta aliwatafuta hao saba kabla ya kutazama jambo jingine lolote kwenye karatasi ya matokeo. Wanne walikuwa miongoni mwa tisa ambao hawakuwepo darasani Aprili 30, na nyumba zao zilikuwa zile nne zisizo na vema. Watatu walikuwepo. Walimwona akisahihisha ubaoni, walisikia akisema amekosea, walibadilishiwa flashi. Mmoja wao alimwambia kwamba usiku wa kuamkia mtihani alirudia kusoma daftari, na kwenye daftari alikuwa ameandika 48 kwa kalamu ya wino na 60 kwa penseli. Aliamini wino.

"Saba," anasema Fausta. Anarudia namba hiyo mara kadhaa katika mazungumzo. Hazungumzii 30 hadi aulizwe.

Leonce Haule anazungumzia zote. "Darasa lake lilikuwa nyuma kwa alama tatu, sasa liko mbele kwa nne. Ni muhula mmoja, ni mtihani mmoja. Namba hizo zinatosha kunizuia nisiufunge mpango. Hazitoshi kunifanya niusifu." Anaongeza: "La piramidi mimi mwenyewe nimelipitia. Kwangu walipata kumi na tisa. Hilo nalo nililiandika."

Uamuzi wa shule ulitoka siku hiyo hiyo. Mpango unaendelea hadi mtihani wa taifa wa Novemba, kwa sharti moja: hakuna video itakayotoka bila kutazamwa kwanza na mwalimu mwingine wa Hisabati. Shule ina walimu wawili wa Hisabati. Kwa hiyo mtazamaji ni Leonce.

"Mimi si mtu wa televisheni," anasema.

Somo la 18 alilirudisha likiwa na maoni kumi na manne. Oni la tatu lilisema mwalimu anazungumza haraka. La tisa lilikuwa neno moja: jogoo.

Fausta ameongeza sharti lake mwenyewe, ambalo halimo kwenye barua ya shule. Kila somo lenye vipimo linapita pia kwa Raphael, Noela akimpelekea flashi jioni. Fundi huyo hakumaliza sekondari na baadhi ya masomo anasema hayaelewi. "Nisipoelewa nasema sielewi," anasema. "Mwalimu anasema hiyo ndiyo kazi yenyewe."

Ifikapo Novemba anataka awe amerekodi masomo 30, na kila moja liwe na tarehe kwenye karatasi ya kwanza, ili anayelitazama ajue kama lake ni la zamani. Likizo hii hakwenda Mbinga kwa wazazi. Alimtumia mama yake ujumbe kwamba ana watu wanne wa kuwatafuta.

Kisha kuna Nakapanya.

Siku moja kabla ya matokeo kubandikwa alipigiwa simu na namba asiyoijua. Mwishoni mwa kila video huweka namba yake ya simu. Aliyepiga alijitambulisha kwa jina la Bakili Ausi, miaka 41, muuza vipuri vya pikipiki kando ya barabara huko Nakapanya, wilayani Tunduru, zaidi ya kilomita mia tatu kutoka Songea. Ni mtahiniwa wa kujitegemea. Anarudia Hisabati ya Kidato cha Nne kwa mara ya tatu. Alikuja Songea kununua mzigo, akapita kwa Alfani kuongeza filamu, akapewa masomo kumi na mawili kama nyongeza. Aliomba la 13.

"Nikamuuliza, kaka Bakili, la 12 umeshalitazama?" anasema Fausta. "Akasema, mwalimu, hilo ndilo nililolielewa kuliko yote."

Juni 3 alimkabidhi kondakta wa basi la Tunduru bahasha yenye flashi mpya.

Umeme bado haujarudi. Ni saa tisa kasoro dakika tano na Fausta yuko kwenye jaribio la nne la Somo la 19. Anazungumza polepole kuliko mwanzo. Mstari wa tatu, wa nne. Dakika ya sita simu inaita, ikitetemeka juu ya stuli, na picha inakatika. Alisahau kuzima mtandao. Anafumba macho, anayafumbua, anasoma namba, anapokea.

"Mwalimu, assalaam alaykum. Bakili hapa, wa Nakapanya."

"Kaka Bakili, waalaykum salaam. Bahasha imefika?"

"Imefika jana. Nimetazama mara mbili na yule fundi na utepe wake. Nimepata sitini, mwalimu. Sasa naona kwa nini. Lile bati limelala."

"Limelala. Ndiyo." Fausta amekwisha kusimama. "La zamani umelifuta?"

"Nimelifuta mwenyewe kwa mkono wangu."

"Alhamdulillahi," anasema Fausta, Mkatoliki, na kwa mara ya kwanza siku hiyo anaegemea ukuta.

"Ila mwalimu," sauti inaendelea. "Hapa dukani tunasoma watu wanane. Wale saba walinakili kwangu kabla, wakaenda nalo majumbani. Wawili wako mashambani huko ndani, hawana simu."

Fausta anatoka ukutani. Anavuta karatasi iliyokuwa chini ya stuli, yenye nusu ya Somo la 19, anaigeuza upande wa nyuma na kutafuta kalamu.

"Nitajie majina."

Umeme unarudi. Upande wa pili wa uzio mashine inaguna, inashika kasi, na Benigna anapaza sauti kitu ambacho hakisikiki. Fausta anaziba sikio moja kwa kiganja na kulibana lingine kwenye simu. Ameshaandika mawili.

"Wa tatu nani?" anapiga kelele. "Kaka Bakili, rudia wa tatu!"